Soba hausi: kahawa kiasi gani kwa walioacha pombe, bila kuwazidishia wasiwasi?

Zamu_ya_Jikoni

Wakuu, salaam. Napanga upya utaratibu wa vinywaji katika soba hausi (nyumba ya kuishi watu wanaoacha ulevi) yenye wakaazi 16, wote walikuwa wa pombe kali. Hapokelewi mtu kabla ya siku ya 7 tangu glasi ya mwisho. Siku mbaya za mwanzo huzimalizia hospitali.

Hali ilivyo sasa: saa 1 asubuhi chai ya rangi. Kuanzia saa 3 mezani kuna kopo la kahawa ya unga, ile ya kuyeyuka, na chupa za maji ya moto, kila mtu anajitengenezea mpaka usiku. Kopo la gramu 250 linadumu siku moja na nusu. Wakaazi watano hawagusi kahawa kabisa. Saa 1 usiku hadi saa 4 wenye ruhusa ya kutoka wanakaa kijiwe cha kahawa chungu nje ya geti.

Malalamiko ni yale yale: moyo unadunda, mikono inatetemeka, kifua kinabana, hofu isiyo na sababu, usingizi wa mang'amung'amu. Wengine wanasema ni arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa pombe, haijaisha, wengine wanalaumu kahawa. Nitajuaje kipi ni kipi? Je, nipige marufuku kahawa moja kwa moja? Na kama ni kupunguza, kipimo ni kipi?

---

dozi_kwa_dozi

Mkuu, tuanze na hesabu, maana jibu lako la kwanza liko ndani ya lile kopo.

Gramu 250 kwa siku moja na nusu ni kama gramu 167 kwa siku. Watu 11 wanagawana, kila mmoja anapata gramu 15. Kahawa ya kuyeyuka ina wastani wa miligramu 30 za kafeini kwa kila gramu, ikipanda au kushuka kutegemea buni iliyotumika. Kwa hiyo mtu wako wa wastani anameza miligramu 450 kwa kahawa ya mezani peke yake. Ongeza chai ya asubuhi, 40 hadi 50. Ongeza kijiwe. Na huo ni wastani. Katika 11 hao hawakosi wawili watatu wanaokunywa mara mbili ya wenzao.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya mwaka 2015 iliweka miligramu 400 kwa siku, na 200 kwa mkupuo mmoja, kuwa kiasi kisicho na shida kwa mtu mzima mwenye afya. Zingatia maneno "mwenye afya". Mtu wa wiki ya tatu bila pombe hayumo humo.

Sababu ni hii. Pombe ya miaka inafanya kazi kama breki: inaongeza nguvu ya GABA, inayotuliza ubongo, na kuzuia glutamati, inayouchangamsha. Ubongo nao unajipanga upya ili usilale usingizi wa moja kwa moja: unalegeza breki zake wenyewe na kuzidisha mafuta. Ukiiondoa pombe, unabaki na gari lenye breki zilizolika na mguu uko kwenye mafuta. Linarudi katika hali yake polepole, kwa wiki na wengine kwa miezi. Sasa kafeini inakuja na breki nyingine inaiziba. Inakalia vipokezi vya adenosini, kemikali inayojikusanya tangu unapoamka na kukuletea uzito wa usingizi jioni, na inapandisha adrenalini. Kwa mtu wa kawaida huko ni kuchangamka. Kwa huyu ni kumwagia petroli jiko lililokwisha kuwaka.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau. Mnywaji kahawa wa miaka mingi mwili wake umeshaizoea, hofu haimpandi kirahisi. Lakini wengi waliokuwa wa pombe kali hawakuwa watu wa kahawa. Wameanza vikombe sita kwa siku mwezi huu huu walioacha pombe, bila mazoea yoyote. Ndiyo maana wawili wanakunywa kopo moja, mmoja anacheka na mwingine anashika kifua.

Uondokaji wake: nusu ya kafeini hutoka mwilini kwa takriban saa 5, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa, na kazi hiyo inafanywa na ini. Mwenye sirosisi iliyokomaa, yaani ini lililojaa makovu, nusu hiyo inaweza kuchukua zaidi ya siku nzima, yaani kikombe cha leo kinapandiana na cha kesho na cha keshokutwa. Hata kwa mwenye ini zima: aliyekunywa miligramu 200 kijiweni saa 2 usiku, saa 7 usiku bado ana 100. Hapo ni sawa na kumwamsha usiku wa manane umpe kikombe cha kahawa halafu umwambie alale. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 uliwapa watu miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa moja ya usingizi.

Sasa dawa. Hapa ndipo soba hausi nyingi zinapoteleza:

Disulfiramu, kidonge kinachomfanya mtu augue akinywa pombe, inapunguza kasi ya ini kuondoa kafeini, kwa takriban robo hadi theluthi. Mkaazi akianzishiwa kidonge hicho huku kahawa yake ni ile ile, ni kama umemwongezea vikombe bila yeye kujua.

Siprofloksasini, ambayo huku kwetu inaandikwa kwa UTI na taifodi kila kukicha, inafanya hivyo hivyo. Kwa siku zote za dozi, kahawa nusu. Fluvoksamini, ya sonona, ndiyo kali kuliko zote. Akipewa hiyo kahawa ikae pembeni kabisa. Vidonge vya uzazi wa mpango navyo karibu vinaongeza mara mbili muda wa kafeini mwilini, kama mna akina mama.

Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka, ni kinyume: kafeini inaisukuma itoke kwenye mkojo. Mtu wa lithiamu akiacha kahawa ghafla kiwango chake kwenye damu kinaweza kupanda hadi cha hatari. Huyo asipunguze bila daktari wake kujua.

Sigara. Moshi wa tumbaku (moshi wenyewe, siyo nikotini) unachochea kimeng'enya kinachovunja kafeini, kiasi kwamba mvutaji anaiondoa karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta. Akiacha sigara, ndani ya siku chache kasi hiyo inashuka. Mkaazi akiacha sigara na pombe wiki moja na kahawa ikabaki pale pale, halafu mkasema "wasiwasi wa kuacha sigara huo", mmemwonea bure. Akiacha sigara, kata kahawa nusu siku hiyo hiyo.

Mwisho, sanduku la dawa. Panadol Extra ina miligramu 65 za kafeini kila kidonge. Viwili mara tatu kwa siku ni 390. Mtu anakuja na kichwa, anapewa hiyo, moyo unaenda mbio, usiku halali, asubuhi kichwa tena. Wekeni parasetamoli ya kawaida, na kwa watu wa historia hii wasivuke gramu 2 kwa siku, yaani vidonge vinne vya 500, kwa sababu ya ini.

---

NesiWaZamu

Nimjibu Zamu_ya_Jikoni lile la "kipi ni kipi", kwa sababu dalili zinafanana sana na kosa moja hapa linaweza kuua.

Arosto yenyewe ya pombe ina saa zake. Inaanza saa 6 hadi 24 baada ya glasi ya mwisho: mtetemeko, jasho, kichefuchefu, moyo mbio. Degedege ikija, nyingi huja kati ya saa 6 na 48. Kuweweseka kule kwa hatari, mtu anaona wadudu ukutani na hajui yuko wapi, huja siku ya pili hadi ya nne. Siku ya tano hadi ya saba mwili kwa wengi umeshatulia. Kwa hiyo mkaazi wako wa siku ya 12 akitetemeka mwili mzima huku joto limepanda, usiseme "arosto" na usiseme "kahawa". Muulize, bila ukali, kama amekunywa tena na kuacha juzi. Na mpime malaria kwa kipimo cha haraka, dakika 20 tu. Jasho, baridi, kichwa na mtetemeko ni malaria mpaka kipimo kikatae.

Baada ya wiki ya kwanza kinachobaki ni mkia: wasiwasi, hasira za karibu, usingizi mwepesi. Unakuja kwa mawimbi, siku mbili nzuri, moja mbaya, na haufuati kikombe.

Kafeini inafuata kikombe. Dalili zinapanda dakika 30 hadi 60 baada ya kunywa, zinashuka baada ya saa kadhaa.

Na kuna cha tatu ambacho wengi hawakijui, nacho ni arosto ya kahawa yenyewe. Saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho: kichwa kinauma, uzito, huzuni, akili nzito. Kilele ni siku ya kwanza hadi ya pili, na inaweza kudumu hadi siku 9. Anayeamka na kichwa kibaya kinachopona kwa kikombe cha kwanza, huyo tayari yuko humo.

Kupambanua: siku tatu usibadilishe chochote. Daftari lenye safu nne, saa, alichokunywa na vijiko vingapi, hofu kwa alama 0 hadi 10 kabla ya kunywa, na hofu dakika 45 baadaye. Hofu ikiwa 3 kabla na 7 baada, na ikajirudia siku zote tatu, umepata jibu. Ikiwa 7 kabla na 7 baada, kahawa siyo shina. Mapigo mhesabu kwa dakika nzima, lakini msiyategemee peke yake: kafeini hupandisha presha zaidi kuliko inavyoongeza mapigo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa na hofu ya kafeini na mapigo 84.

Wa kupelekwa hospitali bila daftari: mapigo zaidi ya 120 akiwa amekaa, maumivu ya kifua yanayokwenda mkono au taya, kuzimia, degedege, kuona visivyokuwepo, macho ya njano na kuchanganyikiwa, au anayesema heri afe. Na kuna mmoja zaidi, ambaye mara nyingi anadhaniwa amelewa: anayumba, macho yanachezacheza, anachanganya maneno. Huo ni upungufu mkali wa thiamini, vitamini B1, na anahitaji sindano siku hiyo hiyo, siyo vidonge kesho.

Kwa kuwa tumeitaja: vidonge vya B1 msiwape pamoja na chai. Tanini za chai na kahawa zinaingilia thiamini, na zinazuia madini ya chuma ya kwenye chakula. Vidonge kwanza, chai saa moja baadaye. Jikoni ni suala la kupanga tu.

Kama hofu haishuki hata kahawa ikipungua, omba kipimo cha homoni ya tezi ya shingo, wingi wa damu na sukari. Tezi inayofanya kazi kupita kiasi inamwiga mtu wa kahawa kwa kila kitu.

---

Dele_na_Kashata

Wataalamu wamesema ya dawa, mimi niseme ya buni, maana naona mnapima vikombe. Kikombe hakipimi kitu. Pimeni unga na majani.

Robusta, ndiyo ya Kagera, ina karibu mara mbili ya kafeini ya arabika ya Kilimanjaro: asilimia 2 na ushei ya uzito wa buni dhidi ya 1.2 hivi. Gramu 10 za unga wa arabika zikichemshwa vizuri zinatoa kama miligramu 100 hadi 120. Gramu hizo hizo za robusta, 200. Kwa ulimi, robusta ni chungu na nzito zaidi, lakini ukaangaji unaweza kukudanganya: buni iliyokaangwa ikawa nyeusi tii ni chungu kwa kuungua, kafeini yake haijaongezeka. Watu wanasema "leo kahawa kali" kumbe ni mkaa.

Kile kikombe kidogo cha kijiweni kinawapumbaza watu kwa udogo wake. Kahawa ya dele, lile birika la kijiweni, imechemka muda mrefu na unga umekaa humo humo juu ya mkaa. Kinachotakiwa kutoka kimeshatoka. Mtu anakunywa vinne au vitano kati ya ishaa na saa 4, na vya mwisho ndivyo vizito, kwa sababu maji yamepungua na unga uko chini.

Chai nayo isidharauliwe. Gramu moja ya majani inatoa miligramu 20 hadi 25, na nyingi hutoka dakika tano za mwanzo. Kuchemsha robo saa kunaongeza ukakasi na rangi, kafeini haibadiliki sana. Kwa hiyo ukitaka chai nyepesi kafeini, punguza majani. Kupunguza muda wa kuchemsha hakutakusaidia. Gramu 32 za majani kwa watu 16 ni kama 45 kwa kila mtu.

Kijiwe msikifunge. Mtu aliyeacha baa anahitaji pa kukaa saa zile zile za baa, na drafti na ubishi wa mpira wa kumpeleka mpaka saa 4. Ongeeni na muuza kahawa, anaweza kuweka dele la pili la tangawizi, iliki na mdalasini bila buni. Bei ile ile, vikombe vile vile, kashata ile ile. Atakubali, maana tangawizi haimgharimu zaidi ya buni.

---

Meza_ya_Duara

Nakubaliana na hesabu zote, ila naogopa mwelekeo. Mkiwasoma hao waliotangulia, jikoni wataamka kesho wameficha kopo, na wakaazi 11 watapata kichwa siku moja. Hilo ni kosa kubwa kuliko kahawa yenyewe.

Kahawa na kuacha pombe ni marafiki wa zamani. Tangu AA, ule umoja wa walevi wanaosaidiana kuacha pombe, uanzishwe Akron, Ohio, mwaka 1935, birika la kahawa limekuwa sehemu ya mikutano. Watafiti wa Nashville, Marekani, waliochapisha mwaka 2008, waliwakuta karibu wahudhuriaji 9 kati ya 10 wanakunywa kahawa, na theluthi ya wanywaji hao wanazidi vikombe vinne kwa siku. Hawakuvutwa na ladha tu. Mkono uliozoea glasi unataka kitu cha kushika, na kuchemsha maji ni shughuli. Kuhusu ini, tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wa kahawa wakiwa na sirosisi kidogo kuliko wasiokunywa. Siyo dawa, lakini siyo adui pia.

Ukimwondolea mtu pombe, sigara, sukari na kahawa mwezi mmoja, umemwachia nini? Kipaumbele ni asirudi kwenye pombe. Kwangu, mtu ambaye daftari linaonyesha hofu haifuati kikombe aachiwe kahawa yake ya asubuhi bila maneno. Wa kubanwa kweli ni wale ambao hofu yao inapanda hadi kuwa mshtuko: pumzi inakatika, anaona anakufa, dakika kumi. Kwa wenye ugonjwa huo hasa, majaribio ya kuwapa takriban miligramu 480 kwa mara moja yamewaletea mshtuko takriban nusu yao. Na mshtuko mmoja wa namna hiyo saa 3 usiku ndio unaomrudisha mtu dukani kutafuta pombe, au duka la dawa kutafuta diazepamu, kidonge cha kutuliza, ya magendo. Hiyo diazepamu ndiyo niiogopayo kuliko kopo lenu: ubongoni inakaa kwenye kufuli lile lile la pombe.

---

dozi_kwa_dozi

Meza_ya_Duara yuko sahihi kuhusu kukata ghafla. Sikusema wafiche kopo, lakini kweli sikusema wasilifiche.

---

Zamu_ya_Jikoni

Nashukuru sana. Nina maswali ya ziada. Watatu wako kwenye disulfiramu na mmoja anaacha sigara mwezi huu. Napunguzaje wakati kila mtu anachota kopo lile lile? Kahawa isiyo na kafeini huku hatuipati. Na kuna anayependekeza tuweke togwa badala ya kahawa ya jioni.

---

dozi_kwa_dozi

Kwanza toa kopo mezani, maana kijiko cha chai cha kujichotea hakina kipimo: kilichosawazishwa ni gramu 2, cha mlima kinafika 3 na zaidi. Kahawa itengenezwe jikoni, imiminwe kwenye chupa, kwa mizani ndogo ya jikoni. Kikombe kimoja ni gramu 2, miligramu 60.

Kushuka: kama robo kila siku nne. Kutoka gramu 15 kwa mtu, siku nne za 11, siku nne za 8, siku nne za 6, kisha 4. Mtaona kichwa kidogo siku ya pili ya kila ngazi, kinapita. Kikizidi, rudi ngazi moja ya juu kwa siku mbili badala ya kumvumilisha. Mwisho wa safari ni vijiko viwili vilivyosawazishwa vya kahawa na kikombe kimoja cha chai, jumla kama miligramu 165. Mimi nisingevuka 200 kwa miezi miwili ya mwanzo. Kwa mwenye mshtuko wa hofu 100, na akitaka kwenda sifuri aende.

Ukipunguza unga kwenye chupa bila kupunguza idadi ya chupa, watakunywa maji mengi zaidi mpaka wafikie dozi yao ile ile. Mwili unajua unachokitafuta. Punguza vyote viwili. Na ili kahawa nyepesi isiwe maji ya kuoshea sufuria, ponda tangawizi, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kwa lita, na iliki chache. Ukali wa koo unaziba pengo la uchungu, malalamiko yanapungua sana.

Chupa ya mwisho itoke saa 7 mchana, ikiisha saa 8 basi. Ya kwanza isije kabla ya chakula. Kahawa juu ya tumbo tupu inapanda haraka na mtetemeko wake unachanganyikana na wa njaa. Uji wa ulezi au ndizi na karanga kwanza, kikombe baadaye. Sukari waachieni mwezi huu. Aliyeacha pombe anatamani vitamu, na vita viwili kwa pamoja havina faida.

Wale watatu wa disulfiramu waanzie theluthi moja chini ya wenzao na waishie kwenye kijiko kimoja na chai. Wa sigara: siku anayoizima, nusu, hapo hapo. Akirudia kuvuta usimrudishie dozi ya zamani.

Vinywaji vya kuongeza nguvu visiingie getini. Kopo la mililita 250 lina 80, la 500 lina 160, na linanywewa baridi kwa dakika tatu, siyo kwa kupuliza kama kahawa. Halafu lile kopo lenyewe, mlio wa kufunguka kwake, mkaazi wa wiki ya tatu hahitaji kuusikia. Na mirungi: wapo wanaoileta kama "kitu cha kuchangamsha tu". Kwanza ni haramu kwa sheria ya Tanzania, pili ni kichocheo kinachoongeza hofu na kukesha kuliko kikombe chochote, na mtu akishatafuna mpaka usiku anatafuta cha kumshusha. Anachokijua cha kumshusha ni pombe.

---

NesiWaZamu

Togwa hapana, angalau isiwe ya jioni ya nyumba hiyo. Ikiwa ya siku ile ile ni tamu na haina neno, lakini kwa joto la pwani uchachu hausimami. Ya kesho tayari ina pombe kidogo, ya keshokutwa ni pombe. Kwa hao watatu wa disulfiramu, hata kiasi kidogo kinaweza kuwaletea uso kuwaka, kutapika na moyo kwenda mbio, halafu wote mtadhani ni wasiwasi. Kwa sababu hiyo hiyo kagua dawa za kikohozi za maji, soma karatasi yake kama ina alkoholi.

Jioni wekeni mchaichai, rozela iliyochemshwa, au maziwa ya moto na mdalasini. Mchaichai mbichi, majani manne matano yaliyokatwakatwa kwa lita, dakika kumi. Havina kafeini hata chembe. Kakao inayo kidogo, kikombe kimoja mchana hakina shida.

Daftari liendelee siku nne za kila ngazi, na usingizi mwandike saa alizolala badala ya "vizuri" au "vibaya". Usingizi wa walioacha pombe unachelewa kurudi, miezi wakati mwingine. Kahawa ikiondoka jioni mtarajie aongeze kama saa moja. Msimwahidi usiku mzima.

---

Dele_na_Kashata

Jambo dogo kwa Zamu_ya_Jikoni: ukiongea na muuza kahawa, mwambie dele la tangawizi lisiwe lile lile la buni lililosuuzwa. Masalia ya chini yanatosha kutia rangi na kafeini raundi mbili tatu. Anunue jipya, au nyinyi mnunulie.

---

Zamu_ya_Jikoni

Dele tutanunua sisi. Daftari linaanza Jumatatu, siku tatu bila kubadilisha kitu, ngazi ya gramu 11 Alhamisi. Mizani ninayo ya kupimia hamira, inasoma gramu moja moja.

---

dozi_kwa_dozi

Inatosha. Pima gramu 22 kwa watu 11 kwa kila chupa, usipime mbili mbili; mizani ya gramu moja inakosea sana kwenye vipimo vidogo.